Msanii asiachiwe kazi ya kukimbizana na wezi

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hizi tovuti ambazo mtu yeyote anapakia nyimbo, hata zisizo zake. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, ile DMCA, inazikinga zisidaiwe fidia mradi zifute wimbo haraka mwenyewe akilalamika, sawa, lakini ukifutwa asubuhi jioni mwingine keshaupakia tena, kabadilisha jina la faili tu, na msanii anaanza upya kujaza fomu, hii si haki jamani! Ulaya mwaka 2019 walisema tovuti kubwa zitafute leseni kwanza, na wimbo ulioondolewa zijitahidi usirudi. Tufuate hiyo. Ila mashine zinazokagua nyimbo zisifute hovyo hata kazi ya mtu aliyenukuu kipande kihalali, na akikata rufaa aangaliwe na binadamu, sio kompyuta peke yake.