Barua ya wazi: Chumba kimoja cha Nairobi Gallery kiwe cha wenyeji

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: VITU VYA WAZEE WETU KATIKA NAIROBI GALLERY

Mtu akishuka matatu karibu na Nyayo House, jicho huvutwa na urefu wa ghorofa lile. Jumba dogo la mawe lililo jirani yake, lililojengwa mwaka 1913, wengi hulipita mbio wakiwahi foleni ya pasipoti. Hilo ndilo Nairobi Gallery, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Enzi za ukoloni lilikuwa ofisi ya utawala, na hadi leo wazee hulijua kama ofisi ya PC, yaani Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilikoandikishwa. Makavazi yalipolifungua upya kuwa jumba la sanaa yalitutendea wema mkubwa, na wema ukazidi mwaka 2013 mkusanyo wa Joseph Murumbi ulipohamia humo. Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, alizaliwa mwaka 1911 na baba Mgoa na mama Mmaasai, akatumia maisha yake kukusanya vinyago, nguo, vito, vitabu na stempu za Afrika. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyotamani iwe mahali pa masomo ya Afrika, ilibomolewa. Kwa hivyo kila nikiona vitu vyake vikiwa salama chini ya kuba lile, moyo wangu hutulia.

Lakini kuna jambo ambalo jumba hilo bado halijatamka. Sheria iliwalazimu Wazungu na Wahindi kuandikisha watoto wao mapema katika karne iliyopita, ilhali Waafrika walingoja miongo mingi. Babu yangu alikuja Nairobi kufanya kazi ya reli, na kuzaliwa kwake hakumo katika daftari lolote. Serikali ilimwandika kwenye kipande tu, yaani cheti cha kazi alicholazimishwa Mwafrika: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Karatasi hiyo aliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wazee wa Kikuyu walikiita kikebe hicho mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na sidhani kuna maelezo ya mtaalamu yanayolipita jina hilo.

Nyanya alikiweka kipande hicho katika mkebe wa biskuti, pamoja na picha yao ya arusi na risiti za kodi ya kichwa. Mkebe huo sasa ninao mimi, hapa Kaloleni. Na si mimi peke yangu. Pumwani, Makongeni, Shauri Moyo, kuna masanduku chini ya vitanda yenye historia ya mji huu, na kila mzee anapozikwa kuna mjukuu anayesafisha chumba na kutupa karatasi asizozijua.

Naomba, Mheshimiwa, mtenge chumba kimoja katika jumba hilo kwa vitu vya aina hii. Anayetaka kutoa kabisa atoe. Anayetaka kuazimisha tu apewe hati yenye jina lake na siku ya kurudishiwa, kwa sababu watu wetu wamepoteza mengi kwa kuamini maneno matupu. Picha zinaweza kunakiliwa papo hapo na mwenyewe akaondoka na yake. Maelezo ukutani yaanze kwa Kiswahili, lugha ambayo mji huu umeitumia tangu reli ilipofika mwaka 1899, ili mama anayeuza mboga Gikomba asome habari za baba yake bila kutafsiriwa na mtoto wake.

Tena msingoje watu waje. Tumeni maafisa mitaani siku ya Jumamosi, waketi katika ukumbi wa mtaa na daftari, wawasikilize wazee wakieleza kila kitu kilitoka wapi. Kitu kisicho na maelezo ya mwenyewe huwa bubu kikifika kwenye kabati la kioo.

Mkebe wa nyanya uko tayari. Nitauleta mwenyewe siku mtakayoniambia, na picha ya arusi nitaomba nirudi nayo nyumbani.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kaloleni, Nairobi