Mac na PC: tuonyesheni bei, mipasho tumeshiba

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu vijana wa Arusha wanaorushiana kwenye WhatsApp vipande vya yale matangazo ya zamani ya Apple, ambamo kijana aliyevaa kawaida anajiita Mac, yaani kompyuta ya Apple, na mwenzake mwenye suti na miwani anajiita PC, yaani kompyuta ya Windows. Ubishi wa ipi bora umefika hadi kwenye benchi la ofisi yangu ya ufundi, jirani na Barabara ya Sokoine. Watu wazima wanatukanana kwa niaba ya kampuni ambazo hata hazijui Arusha iko upande gani.

Matangazo yale yalianza 2006 yakaisha 2009. Yanachekesha, sikatai; ni mipasho kama ya taarabu, tena iliyopangwa vizuri. Na kuna mahali yalisema kweli. Windows Vista, toleo la Windows la Microsoft, ilipotoka 2007 ilikuwa inaomba ruhusa kila unapogusa kitu, Apple wakamwekea PC mlinzi wa kumhoji kila anapofungua mdomo. Aliyeitumia Vista hana la kubisha. Kwenye virusi ndipo walipotia chumvi: PC anapiga chafya, kashikwa na mafua, Mac mzima kabisa. Mwaka 2012 kirusi kiitwacho Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000, na baadaye tovuti ya Apple ikaacha kujigamba kwamba Mac haipati virusi vya PC.

Tena kuanzia 2006 hiyohiyo Mac zilikuwa zinatumia prosesa (chipu kuu ya kompyuta) za kampuni ya Intel, kama PC nyingi tu. Wale jamaa wawili moyo wao ulitoka kiwanda kimoja! Halafu 2021, Apple ikiwa imeshaanza kutumia prosesa zake yenyewe, Intel ikamchukua yuleyule Justin Long aliyeigiza Mac, aje asifie PC. Msanii kalipwa pande zote mbili. Wewe wa Ngarenaro unagombana na rafiki yako bure.

Kwangu mimi tangazo lenye maana ni la Microsoft la 2009. Dada mmoja, Lauren, anaambiwa akipata laptop anayoitaka kwa chini ya dola 1,000, ni yake. Anaingia duka la Apple, anatoka mikono mitupu, anaishia kuchukua HP ya kama dola 700. Nalo lilikuwa la kupangwa, tusidanganyane, ila lilikuwa na bei. Na bei ndiyo iliyouma: Kevin Turner, aliyekuwa kigogo wa Microsoft, alisimulia kwamba wanasheria wa Apple walipiga simu kutaka matangazo hayo yaondolewe, kwa kuwa wameshapunguza bei.

Hapa kwetu wengi wananunua mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook au ThinkPad zilizotoka maofisini Ulaya, na MacBook iliyokwisha kutumika. Mnunuzi wa namna hiyo anahitaji kujua prosesa ni ya kizazi gani, betri inakaa saa ngapi, na kama RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inaongezeka. MacBook Pro za skrini ya Retina, tangu zilipoanza 2012, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8 utazeeka nayo. Latitude nyingi nafungua mfuniko, naongeza, mteja anaondoka. Wanaobishana kwenye benchi langu hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Badala yake kuna duka mjini limebandika bango linalosema kwao hakuna feki kama za wengine. Wengine akina nani? Hakuna modeli, hakuna bei. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini bango lisilomtaja mtu ni vigumu kulikamata.

Gazeti lako linachapa matangazo ya maduka ya kompyuta. Ombi langu ni kwamba duka likitaka kujilinganisha na mwenzake humo, liandike modeli, mwaka wa mashine na bei, la sivyo mrudishe tangazo lake.

Fundi kompyuta,
Kaloleni, Arusha