Punk haikuzaliwa London, ilizaliwa kwenye spika mbovu

Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, ili nisimsingizie mtu. Mwandishi wenu anasema muziki wa punk, yaani rock ya kelele, kasi na hasira, ulizaliwa London mwaka 1976, vijana wenye nywele za miiba na pini mashavuni walipochoka na wazee wao. Kijana ana kalamu nzuri, simnyimi sifa yake. Lakini hadithi kaianzia mkiani.

Mimi ni fundi redio mstaafu. Nyimbo hizo sizijui kwa kucheza, maana goti langu halitaki. Nazijua kwa kuzifungua skrubu. Niruhusu nieleze.

Mwaka 1968 nilikuwa mwanagenzi wa miaka 16 katika kiduka cha kutengeneza redio hapa Majengo. Adhuhuri moja akaingia baharia, katoka Kilindini, mkononi ana gramafoni ya kufunga kama mkoba na santuri moja ndogo aliyoinunua Uingereza. Ndiyo santuri pekee aliyokuwa nayo. Akaniambia, “Mwanangu, hii mashine inakwaruza. Nimeinunua nzima, imeharibika melini.” Nikaiweka santuri, nikashusha sindano. Gita likakoroma kama kopo lenye kokoto ndani. Fundi mkuu alikuwa amekwenda kuswali, nami nikajiona daktari. Nikamwambia, “Baba, spika imepasuka.” Nikafungua skrubu nne, nikaitoa spika, nikaiinua juani kama mtu anavyopima yai. Koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka kutoa sauti, ilikuwa nzima, haina hata tundu la sindano. Kwa kuwa nilikwisha kutamka ugonjwa, nikapaka gundi pembeni hivyo hivyo, nikarudisha, nikapiga tena. Ikakoroma vile vile.

Fundi mkuu aliporudi hakugusa bisibisi. Aliitoa ile santuri, akaweka ya taarabu iliyokuwa rafuni. Sauti ikatoka safi, unasikia hata kucha za mpiga udi. Akanitazama, akasema maradhi hayamo kwenye mashine, yamo kwenye santuri.

Wimbo ule ulikuwa “You Really Got Me” wa bendi ya Kinks, uliotoka mwaka 1964. Ilinichukua miaka mingi kujua kisa chake. Mpiga gita wao, Dave Davies, kijana wa miaka 17, alikuwa na amplifaya, yaani kikuza sauti chenye spika yake, ndogo ya bei ya chini aina ya Elpico. Sauti yake ilimchosha kwa usafi. Akachukua wembe, akaichanja koni ya spika. Karatasi iliyochanika haisukumi hewa sawasawa, inapepea, na kila noti inavuta mkwaruzo nyuma yake. Kumbe utambuzi wangu ulikuwa sahihi kabisa, Mhariri. Spika ilikuwa imepasuka kweli, ila haikuwa ile iliyokuwa mezani kwangu. Ilikuwa London.

Mwandishi wenu atasema, haya basi, si umerudi London mwenyewe? Nimerudi, lakini miaka 12 kabla ya hiyo yake. Na Davies hakuwa wa kwanza. Tuvuke bahari hadi Marekani.

Mwaka 1951 vijana weusi wa bendi ya Ike Turner walisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi katika studio ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gita wao, Willie Kizart, ikaharibika. Fundi yeyote angewaambia warudi kesho. Phillips alichomeka karatasi ndani ya spika ili isitetemeke ovyo, akarekodi na ukoromaji wake. Wimbo ni “Rocket 88”, na wapo wengi wanaouhesabu kuwa rock'n'roll ya kwanza kabisa. Kwa hiyo muziki huo tangu siku ya kuzaliwa una spika mbovu.

Kisha akaja Link Wray, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu gazeti lenu halikumtaja hata kwa bahati mbaya. Alizaliwa North Carolina mwaka 1929, mwenye kujitambulisha na Washawnee, watu wa asili wa Marekani. Alitumikia jeshi wakati wa vita vya Korea, akapata kifua kikuu, akatolewa pafu moja. Mtu wa pafu moja haimbi sana. Akaliachia gita liimbe. Siku moja katika dansi huko Fredericksburg, Virginia, bendi yake ilibuni papo hapo wimbo wa mwendo wa taratibu, mzito, kama mtu anayekuja kwako bila haraka na wewe unajua anakuja kufanya nini. Walipoingia studio, sauti ikatoka nzuri mno. Ule uzito ukawa haupo. Wray akachukua penseli akazitoboa spika ndogo za amplifaya yake. Ukarudi.

Wimbo ukaitwa “Rumble”, yaani vurugu za magenge mtaani, ukatoka mwaka 1958. Baadhi ya vituo vya redio Marekani vikakataa kuupiga kwa hofu ya kuchochea vijana kupigana. Hauna neno hata moja, Mhariri! Nimeishi na redio maisha yangu yote na nimeona nyimbo zikifungiwa kwa ajili ya mashairi. Wimbo wa kufungiwa kwa mlio wa gita peke yake ni huu ninaoujua. Na huyo mwimbaji wa Marekani, Iggy Pop, ambaye mwandishi wenu amempa nusu sentensi amesimulia mwenyewe kwamba aliposikia “Rumble”, shule ilimtoka moyoni pale pale.

Nipite haraka Nashville: mtambo wa kurekodia ukaharibika, gita la besi katika wimbo wa mwimbaji Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, likatoka linaunguruma kama nyuki ndani ya chupa. Wakauacha ubovu ule kwenye wimbo. Mwaka uliofuata kikauzwa kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, Maestro Fuzz-Tone, kazi yake kuleta ubovu ule ule kwa makusudi. Sisi huku tulikuwa tunalipwa kuondoa ugonjwa, wenzetu wanauuza dukani na maelekezo yake ndani ya boksi.

Sasa mishiko, yaani noti kadhaa za gita zinazopigwa kwa pamoja. Mwandishi wenu amesema punk ilikuja na wazo la kwamba mishiko mitatu ya gita inatosha. Wazo hilo lina mwenyewe. Richard Berry, mwanamuziki mweusi wa Los Angeles, alisikia mdundo wa cha-cha, akautungia “Louie Louie”, akautoa mwaka 1957 upande wa pili wa santuri. Ni kisa cha baharia anayemsimulia mwenye baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake Jamaica. Kwa mtu wa Mombasa hakuna kigeni hapo. Berry akataka kuoa, hana pesa, akauza haki za wimbo huo pamoja na nyingine kwa dola 750 hivi. Mwaka 1963 vijana wa Portland, bendi ya Kingsmen, wakaurekodi harakaharaka. Kipaza sauti kilining'inizwa juu, mwimbaji akawa anapayuka ameinua shingo kama anayemwita mtu ghorofani, na baada ya kipande cha gita akaingia kabla ya wakati wake. Hawakurekebisha kosa. Wimbo ukavuma nchi nzima.

Kwa kuwa maneno hayakusikika, wazazi wakayajaza wenyewe, tena ya matusi. Malalamiko yakafika FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Makachero wakauchunguza kwa takriban miaka miwili, wakizungusha santuri kwa kasi mbalimbali, na hatimaye wakaandika kwamba haueleweki kwa kasi yoyote. Nimecheka sana, maana nami nimewahi kuibana santuri kwa kidole ili niyapate maneno, lakini mimi silipwi na serikali. Berry alikuja kurudishiwa sehemu ya haki zake miaka ya 1980, kichwa kimekwisha kuota mvi.

Msinidhanie nawapigia debe Wamarekani. Lima, mji mkuu wa Peru, mwaka 1965, vijana wanne wa mtaa wa Lince waliojiita Los Saicos walitoa “Demolición”, wimbo wa kupiga kelele kwamba wavunje kituo cha treni. Hawakuwahi kuisikia punk kwa sababu hakukuwa na kitu chenye jina hilo. Na huko huko Marekani, mjini Tacoma karibu na Seattle, walikuwapo bendi ya Sonics, wanaopiga kama watu waliofungiwa ndani ya tangi la mafuta.

Hata jina lenyewe halikutoka London. Mwaka 1971 mwandishi wa muziki Dave Marsh aliandika “punk rock” katika jarida la Creem la Detroit, akiisifu bendi ya vijana wa Michigan wenye asili ya Mexico, Question Mark and the Mysterians, ambao “96 Tears” yao ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1966. Mwaka 1972 mwanamuziki Lenny Kaye akalitumia tena neno hilo katika mkusanyo wake wa nyimbo za zamani za bendi za gereji, yaani vijana waliokuwa wakipigia gerejini kwao. Miaka minne kabla ya zile pini mashavuni.

Na kwa kuwa tumefika Detroit, mji wa viwanda vya magari: Septemba 1968 kampuni ya santuri ya Elektra ilisaini bendi mbili za eneo hilo kwa mpigo, MC5 kwa dola 20,000 na Stooges ya Iggy Pop kwa dola 5,000. Bei hiyo inaeleza nani alitegemewa. Leo ukiwauliza vijana, Stooges ndio wanaotajwa kwanza, na Sex Pistols wenyewe, bendi ya punk ya London, waliurekodi wimbo wa Stooges “No Fun”.

Lakini lililonifanya nichukue kalamu ni jambo moja. Katika ukurasa mzima, picha sita, hakuna sura nyeusi hata moja. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha simuni habari za bendi ya Death, yaani Mauti: ndugu watatu weusi wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba za kasi na hasira ambazo ukizisikia utaapa ni za London ya miaka miwili baadaye. Clive Davis, mkubwa wa kampuni za santuri, alizipenda, ila akataka wabadili jina. Nani atanunua santuri ya Mauti? David akakataa katakata, jina lina maana yake kwake, na mkataba ukayeyuka. Mwaka 1976, mwaka ule ule wa mwandishi wenu, walijitolea wenyewe santuri ndogo, nakala 500 tu. David alifariki mwaka 2000 baada ya kuwaambia nduguze wazitunze kanda, kwamba siku moja watu watakuja kuzitafuta. Walikuja. Albamu ilitoka mwaka 2009, miaka 34 baada ya kurekodiwa.

Haki yake London nitaipa: nguo, na kashfa. Na hapo kuna mkono wetu kidogo ambao gazeti la Kiswahili lilipaswa kuuona. Tarehe 1 Desemba 1976 bendi ya Queen walitakiwa kuhojiwa kwenye televisheni ya London, wakaghairi. Nafasi yao wakapewa Sex Pistols, wakatukana hewani, na asubuhi yake Uingereza nzima ikawajua. Mwimbaji wa Queen alikuwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Kama yeye na wenzake wangefika jioni ile, sijui leo mwandishi wenu angeandika nini.

Naomba mchapishe sahihisho, hata la mistari mitano, na picha ya Link Wray na gita lake.

Jambo la mwisho ni la kwangu. Baada ya fundi mkuu kuonyesha kwamba mashine haina kasoro, nilimtoza yule baharia shilingi 5 za gundi. Alilipa bila neno, akaondoka na santuri yake kwapani, na meli yake ikang'oa nanga wiki ile ile. Kama yu hai na gazeti hili linamfikia, duka lilikwisha kufungwa, lakini nyumba yangu ni ileile nyuma yake. Aje achukue shilingi zake. Gramafoni aje nayo pia, nataka kuusikia ule ubovu mara moja tena.

Fundi redio mstaafu,
Majengo, Mombasa