Kabla Hujaivunja Cherehani ya Bibi Ukitafuta Zebaki

Jumatatu asubuhi, hata kufagia hatujamaliza, alifika kijana na cherehani ya Singer kaifunga nyuma ya pikipiki. Ilikuwa imevunjwa shingo. Aliambiwa ndani kuna zebaki nyekundu, na dalali anaisubiri Dodoma mjini na mamilioni yake. Akaipasua kwa nyundo, akakuta mafuta yaliyoganda na kipande cha uzi. Mashine ileile ndiyo bibi yake aliyoshonea sare za watoto wa kijiji kizima. Tulimlipa bei ya chuma chakavu, na iliniuma sana.

Ndugu wateja, haupiti mwezi bila mtu kuingia hapa Kongwa, kwenye duka letu la vitu vya kale, na habari hiyo. Kwenye cherehani hakuna zebaki. Hakuna sehemu ya mashine ile inayoihitaji. Uzushi huu ulifika mpaka Saudi Arabia mwaka 2009, Singer kuukuu zikapanda bei ghafla, na waliozinunua wakabaki nazo. Cha kutafuta pale ni namba. Iko upande wa kulia, juu ya kitako cha mashine: mara nyingi herufi moja au mbili, kisha tarakimu. Kwa namba hiyo unajua mwaka na kiwanda. Nyingi tunazoletewa zilitengenezwa Clydebank, Uskoti, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Ikiwa inazunguka na ina bobini yake, mnunuzi yupo: fundi nguo wa kijijini ambako umeme haujatulia. Hiyo ndiyo mali.

Swali la pili ni rupia. Kuna watu wanachimba usiku kandokando ya majengo ya kale wakitafuta mali ya Mjerumani. Waache. Rupia na heller, sarafu za enzi hiyo ya Mjerumani, huja zenyewe, kwenye kopo la vifungo au kwenye fundo la kanga ya marehemu. Heller ndiyo iliyotuachia neno hela, na ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 20 ya mwaka 1916. Vita vilikuwa vimepamba moto, Waingereza wameifunga bahari, fedha hazifiki kutoka Ujerumani. Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao Tabora, kwa chuma chochote walichopata, hata maganda ya risasi. Ukiishika kiganjani utaona haraka waliyokuwa nayo: ukingo haujakaa sawa, taji limegongwa hafifu, na ipo herufi T, ya Tabora. Septemba mwaka huohuo mji ukachukuliwa na Wabelgiji. Rangi yake ni kahawia, kama asali ya Itigi.

Basi ninawaomba, msiisugue. Wala stiliwaya, wala majivu, wala ndimu. Mama mmoja alituletea ya kwake iking'aa kama kitasa kipya. Alikuwa ameisafisha usiku kucha kwa heshima ya safari, na nusu ya taji ilikuwa imefutika. Ile kahawia ndiyo ngozi ya sarafu, na mkusanyaji anaitazama hiyo kabla ya tarakimu. Ilete na uchafu wake. Shilingi za 1966 zenye sura ya Mwalimu na senti hamsini zenye sungura tunazipokea pia, ila ziligongwa nyingi mno. Anayekuambia moja inauzwa milioni anakudanganya.

Sasa malalamiko kwamba duka letu limebanana. Ni kweli, limebanana, na sababu ipo. Mizigo huja kwa nyumba. Tukinunua vitu vya nyumba moja tunaviacha rundo moja, na juu yake kadi: vimetoka kijiji gani, nani alivitumia kwa kazi ipi. Tukishaweka vibuyu vyote rafu hii na taa zote rafu ile, habari hiyo imekwenda, na bila habari kibuyu ni kibuyu tu. Kwa hiyo soma kadi kwanza, kisha uchakure. Njoo na tochi. Kila kitu kigeuze chini juu. Kigoda cha Kigogo cha kweli kimechongwa kwenye gogo moja, miguu mitatu na kikalio ni mti mmoja. Ukiona msumari au gundi, muulize mwenye duka.

Kona ya nyuma kuna vyuma vya Mpango wa Karanga. Waingereza walianza kufyeka Kongwa hii mwaka 1947 ili walime karanga, wakatumia hata matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita. Mvua ikagoma, udongo ukakauka kama saruji, na 1951 mpango ukaachwa. Spana walizoacha ni za inchi, hazikai kwenye nati za milimita, lakini mafundi wa matrekta ya zamani huzifuata mpaka hapa.

Ukikuta ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, tafadhali usitie kidole kwenye tundu lake. Utando mwembamba ulioziba pale umetoka kwenye nyumba ya mayai ya buibui, na ndio unaoipa ile sauti ya kuvuma ambayo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliipeleka duniani. Ukitoboka, ilimba inabaki inalia kikavu.

Pembe za ndovu na nyara nyingine za serikali hatugusi. Wala vitu vilivyochimbwa kwenye maeneo ya kale kama Kolo; ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata isingekuwepo tusingevinunua.

Rundo lililo mlangoni wiki hii limetoka Mpwapwa, nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Kuna karabai, pasi ya mkaa, madaftari, na sanduku la bati lenye kufuli ambalo ufunguo wake haujaonekana. Hatutalivunja. Kopo la funguo liko juu ya kaunta, ziko kama sitini. Mwenye subira aje ajaribu.