Risala ya Klabu ya Waandishi Chipukizi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili, 7 Julai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kutusikiliza. Karibu sana.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache chini ya mwembe. Leo tuna wanachama 46, na tunathubutu kusema hakuna klabu ya uandishi iliyo hai kama hii wilaya nzima.

Siri yetu ni mazoezi. Kila Ijumaa tunaandika dakika 15 bila kunyanyua kalamu, kisha tunasomeana. Ikifika zamu ya tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, kila mshororo uwe na mizani (silabi) 16, vina vya kati na vya mwisho vikae sawa, la sivyo mtu anarudia. Tangu tarehe 1 Julai kila mwanachama ameandika hadithi moja kwa siku. Waliokuwa wakishindwa kujaza ukurasa sasa wanaomba karatasi za nyongeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hizi zote zinaishia kwenye madaftari. Tangu 2022 taifa letu lina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mashindano mengi siku hizi hutaka mswada uliochapwa. Klabu haina kompyuta hata moja. Mswada unapelekwa steshenari mjini, mzazi analipia kila ukurasa, na makosa yakionekana analipia tena. Mwaka jana wenzetu wawili walikamilisha miswada yao, lakini tarehe ya mwisho ikapita bado wanatafuta fedha ya kuchapisha. Mmoja ameshamaliza shule, daftari lake liko kabatini kwetu.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi kompyuta tano ndani ya miezi mitatu, tukapiga vigelegele. Wa mwaka jana aliahidi kufuatilia. Tunawaheshimu wote wawili, na nakala za barua zetu za kukumbusha anazo mwalimu mlezi. Wazazi walishatengeneza meza na kuweka nondo madirishani. Meza hizo bado ni tupu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, hatuombi tano. Tunaomba kompyuta mbili na printa moja, na tunakuomba utaje tarehe hapa mbele ya wazazi, katibu wetu aiandike.

Tunaomba kuwasilisha.