Afande, nitumie ile orodha yako

Arua, Jumapili usiku

Afande wangu,

Habari ya masiku mingi? Mama hajambo? Huku tu wazima, mvua imeanza, njia ya kwetu imegeuka mto, na mengine utayapata kwa Kipara maana yeye ndiye redio. Najua nimenyamaza tangu Idd. Usinune. Nakuandikia kwa sababu nina shida, kama kawaida yangu.

Ile shule niliyokuambia imepewa kompyuta 18 kuukuu kutoka ofisi moja ya Kampala. Kila moja ina RAM ya GB 2 na diski ya GB 32, hata simu ya mke wangu inazicheka. Mwalimu mkuu akanipa funguo za chumba, akasema, "Fundi ni wewe, weka vitu vinavyofaa." Vitu vinavyofaa! Kusakinisha Debian 12, ule mfumo wetu wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye ile ya majaribio kulinichukua mchana mmoja. Sasa ni wiki ya tatu nabishana na nafsi yangu mtoto akute nini atakapoiwasha.

Nilianza kwa ubahili. Unamjua apt, kile kisakinishi cha Debian: unaomba kifurushi kimoja cha programu, kinakuja na vile kinavyovitegemea, halafu nyuma yao vile vinavyopendekezwa tu, kama mgeni wa harusi anayeshuka kwenye teksi na binamu saba. Tangu Debian 5 ya mwaka 2009 hao binamu huingia wenyewe usipowazuia. Nikawazuia wote. Xfce, ile skrini ya kazi nyepesi, ikawaka upesi, diski ikabaki na nafasi tele, nikatembea kifua mbele. Jumatatu mwalimu wa jiografia akachomeka flashi yake: kimya. Nikamwambia imekufa. Akaleta ya pili, nikamwambia na hiyo imekufa, aache kununua vitu vya kutandazwa chini. Ya tatu ilikuwa yangu, Afande. Kumbe Thunar, ile programu ya mafaili, kufungua mafaili inaweza, lakini ili flashi ijitokeze inahitaji gvfs na thunar-volman, na hao wawili walikuwa miongoni mwa binamu niliowafungia mlango. Ile flashi ya kwanza alikuwa keshaitupa. Nadaiwa samahani na shilingi 25,000.

Tangu siku hiyo sina raha. Wewe na mimi tukikosa kitu tunajua kipo mahali, tunakivuta. Mtoto wa senior one asipokikuta kwenye menyu, kwake hakipo duniani. Hatakuja kuniuliza. Atauliza nini na hajui jina lake?

Unakumbuka zile sidii za Ubuntu, ndugu yake Debian, tulizoagiza bure, zikafika kwenye sanduku la posta la mjomba wako naye akadhani ni za mahubiri? Wakati ule kila kitu kilibanwa kiingie kwenye sidii moja ya MB 700, na kila kilichoingia kilimtoa mwenzake. Mwaka 2010 walipoiondoa GIMP, ile ya kuhariri picha, ulinuna wiki nzima, na picha ya kuhariri hukuwa nayo hata moja. Leo faili la Ubuntu 24.04 linapita GB 5, na bado tangu toleo la 23.10 usakinishaji wa kawaida hauji na LibreOffice, programu ya kuandikia na hesabu. Unaitaka, chagua mwenyewe. Sababu zao nazielewa, watu wengi wanaandika ndani ya kivinjari siku hizi. Lakini mtu mwenye intaneti nzuri akikosa kitu anabofya mara moja. Huku kwetu kubofya huko ni bando la wiki, na hapo bado serikali ina kodi yake ya asilimia 12 tangu 2021. Ndiyo maana nimebaki na Debian, angalau nachagua mwenyewe. Au ni ukaidi tu, sijui.

Halafu kuna lile swali ambalo Debian huuliza wakati wa kusakinisha, kama ukubali mashine itume, bila kutaja jina lako, orodha ya vifurushi inavyotumia. Kwa hesabu hizo ndiyo wanajua kifurushi gani kinapendwa, kipi kipangwe kwenye sidii ya kwanza. Jibu lililowekwa tayari ni hapana, na watu hubonyeza tu wasonge mbele. Na hata ningejibu ndiyo, mashine zisizo na intaneti zitatuma kwa upepo gani? Kura zetu hazifiki, ssebo. (Usinijibu hilo la kura kwa maandishi.)

Mwalimu wa Kiswahili, tangu baraza la mawaziri liamue 2022 kwamba somo lake ni la lazima, anatembea kama diwani. Juzi aliandika mtihani kwenye LibreOffice, ukurasa mzima ukatoka mistari myekundu kama una surua. Akaniita: "Mashine yako inasema sijui Kiswahili?" Dawa ilikuwa kifurushi kimoja kidogo cha tahajia ya Kiswahili, hunspell-sw, na kuiambia mashine kwamba lugha ni Kiswahili. Cha Tanzania lakini! Kwenye orodha ya nchi nimekuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, cha kwetu hakuna. Luganda ya Uganda ipo. Aliyepanga orodha hakutuchukia. Hatukumjia akilini, basi. Na mimi sasa ndiye nakaa kwenye kiti chake, naamua kwa niaba ya watoto 400 nisiowajua hata majina.

Halafu michezo, maana ndiyo inanikosesha usingizi. Mwalimu mkuu hataki mchezo hata mmoja. Nikaifuta yote, nikaita vijana wachache wajaribu. Afande, hawajui kuburuta kwa kipanya! Vidole vyao vimezoea kioo cha simu. Wewe na mimi tulijifunzia wapi? Kwenye karata. Tulihamisha saba nyekundu juu ya nane nyeusi mpaka mkono ukajua kazi. GCompris, ile michezo ya kujifunzia, ninaitaka, ila nahofia wa senior four wataiita ya chekechea.

Sasa ombi. Nitolee orodha ya vifurushi vya zile mashine zako za Lira, kisha diski yako yenye vifurushi na Wikipedia ya Kiwix, ile inayosomwa bila intaneti, mpe dereva wa basi, nitampokea mimi stendi. Nitairudisha, si kama ile chaja.

Na unijibu: uliacha michezo au uliitoa? Nani alilalamika kwanza, walimu au watoto? Nenosiri la msimamizi umempa nani? Kiwix haielemei RAM ya GB 2? Kuna kitu uliweka na mpaka leo hakuna aliyekigusa? Na Kipara, alikulipa? Mtakuja lini kula enyasa, au mpaka niwe marehemu?

Umeme umekatika, namalizia kwa tochi. Karata nimezirudisha kwenye mashine moja, ile ya nyuma kabisa karibu na dirisha. Mwalimu mkuu bado hajafika huko.

Wako,
Kasuku