Barua kwa wanangu mnaosomea uuguzi kwenye simu

Nakuru, Julai 2020

Wanangu,

Tangu vyuo vifungwe mwezi Machi kwa sababu ya korona, mkaanza kusomea kwenye simu, mnanipigia simu na kilio ni kilekile: bando linaisha somo likiwa katikati, na mzazi aliyepoteza kibarua hana la kununulia jingine. Waandikieni wakuu wa vyuo kwa pamoja, kwa heshima, mwombe masomo ya maandishi na ya kusikiliza badala ya video ndefu. Ombi hilo ni la haki.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Nasikia wapo wanaotaka wasainiwe kitabu cha vitendo, kile kinachothibitisha kazi ulizozifanya kwa mikono yako, kwa kazi walizozitazama tu kwenye video. Msikubali, wanangu. Aliyetazama mpira wa mkojo ukiwekwa bado hajauweka. Mkirudi wadini, semeni mapema: "Sista, hili nimeliona kwenye video, sijalifanya." Katika miaka yangu ya kufundisha, aliyeniambia hivyo bila kuogopa ndiye niliyemwachia wagonjwa zamu ya usiku.

Kwa sasa mikono isilale. Nawa, kisha umwombe nyanya unayeishi naye akupe mkono. Weka vidole viwili vinavyofuata gumba kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa gumba. Usitumie gumba lako, kwa kuwa lina mapigo yake na huenda ukahesabu moyo wako mwenyewe. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Halafu acha vidole palepale, usiseme kitu, uhesabu pumzi. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Rudia kesho na keshokutwa, hadi jicho lizoee kifua kilichotulia. Korona hushambulia mapafu, na muuguzi akichelewa kuona pumzi zimeanza kwenda mbio, mgonjwa ndiye anayeumia.

Hesabu za dawa nazo hazidai intaneti. Dripu ya lita 1 kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita: ni kama matone 42 kwa dakika. Zifanyeni kwa kalamu.

Na wewe unayetaka kuacha kwa sababu ya karo, usitoweke kimya. Andikia chuo uombe kuahirisha masomo, na udai jibu la maandishi. Ukikwama kuiandika barua hiyo, nipigie tuiandike pamoja.

Mama yenu,
Mkufunzi mstaafu wa uuguzi